Damu gani hiyo ya kuzimuliwa mara mia?

Nimepotea wiki mbili, lawama zote ziende kwenye semina za miradi. Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Alhamisi jamaa yetu mmoja wa kemia (jina kapuni) kawasilisha mradi wake: kupima tetrasaiklini kwenye damu kwa nukta za kaboni. Kwa wasiozijua, ni chembe za kaboni zisizofika nanomita 10. Ukizimulika kwa taa ya UV zinang'aa bluu. Ziligunduliwa kwa bahati tu mwaka 2004 kule South Carolina, watu wakiwa wanasafisha vitu vingine kabisa. Kuzitengeneza ni rahisi mpaka raha: asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau, ethilinidiamini, oveni nyuzi 200, saa tano. Mimi mwenyewe nimezipika. Siku ya kwanza nilipowasha taa nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Basi ukitia tetrasaiklini, mwanga unafifia. Grafu imenyooka kama rula, ukumbi makofi. Nikanyoosha mkono: seramu uliizimua mara ngapi? Mara 100. Na dawa uliitia lini? Baada ya kuzimua.

Jamani! Hiyo si damu, hayo ni maji yaliyopita karibu na damu.

Najua mtasema kuzimua kunaruhusiwa. Sawa. Ukichukua damu ya mtu aliyemeza dawa kweli, kisha ukazimua, sina neno. Lakini ukitia dawa mwishoni umekwepa kila kinachosumbua: albumini inayoshikilia dawa, na bilirubini ya njano inayomeza mwanga karibu na nanomita 450, palepale nukta zetu zinapong'aa. Halafu tetrasaiklini yenyewe haizifanyi nukta kitu cha ajabu. Inameza tu mwanga wa karibu nanomita 360 ambao nukta zinauhitaji. Kwa hiyo chochote kinachomeza mwanga huo, kipimo kitakuambia ni tetrasaiklini!

Na hivi, nani hospitali anahangaika kupima tetrasaiklini kwenye damu? Kwenye maziwa na nyama nitakuelewa. Tumeichagua kwa sababu inatoa grafu nzuri, yaani dawa inazifaa nukta, mgonjwa atajijua.

Binamu yangu ana kifafa, anatumia fenitoini. Inatakiwa iwe miligramu 10 hadi 20 kwa lita ya damu. Ikipungua anaanguka. Ikizidi anapepesuka kama mlevi na macho yanamchezacheza. Ubaya wake, ini likishaelemewa, ukiongeza dozi kidogo tu kiwango kinaruka. Mwaka jana walimwongezea kwa kukisia, maana kipimo hakikuwepo. Wiki nzima tulimshika mkono hata kwenda chooni. Huyo ndiye anayehitaji kipimo cha bei ya chini, na karibu asilimia 90 ya dawa yake imeshikwa na albumini, ileile tuliyoikimbia kwa kuzimua.

Eti tunajisifu kuona nanomola! Yeye dawa yake iko maikromola 40 hadi 80. Anatafutwa ndovu, sisi tunashindana nani kaona sisimizi mdogo zaidi.

Kabla hamjanirushia mawe, nakiri: na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nina kurasa 31, nimezimua mara 50, dawa nikatia mwisho. Jana usiku nimefuta "kwenye damu" kwenye kichwa cha mradi nikaandika "kwenye maji yenye seramu kidogo". Msimamizi wangu hajacheka.

Jumatatu naanza upya na fenitoini. Dawa inaingia kwenye seramu nzima kwanza, inakaa saa moja, ndipo nazimua. Hiyo fenitoini haimezi mwanga wa nanomita 360 hata chembe, kwa hiyo ule ujanja wa tetrasaiklini umekufa, itabidi nitafute njia nyingine ya kuifanya nukta iitambue. Muda niliobakiwa nao ni wiki sita. Grafu ikitoka imepinda, nitaiweka hapahapa ilivyopinda.

Haya, umeme umeanza kuchezacheza, naondoka.