Damu Isichezewe

Katika nchi kadhaa za Ulaya, na Marekani vilevile, kumezuka tiba inayotangazwa kwa mbwembwe nyingi. Mtu hutolewa damu mshipani, ikachanganywa na hewa ya ozoni, kisha akarudishiwa. Wanaoiuza hudai kuwa huondoa uchovu, huimarisha kinga ya mwili, na hata huponya kansa na UKIMWI. Madai mazito namna hiyo hayana budi kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Ozoni si hewa mpya. Ilitambuliwa na mwanakemia Schönbein huko Basel, Uswisi, mwaka 1840. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia kusafisha maji ya kunywa mwaka 1906. Lakini kinachoua vijidudu katika maji hakigeuki dawa kwa kutiwa mwilini. Hewa hiyo hiyo ikivutwa hudhuru mapafu. Wala hoja ya kuongeza oksijeni haina uzito, kwani damu ya mtu mwenye afya, itokapo mapafuni, huwa imekwisha kubeba zaidi ya asilimia 95 ya oksijeni ambayo chembe zake nyekundu zaweza kubeba. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetamka katika kanuni zake kwamba ozoni ni hewa yenye sumu, isiyojulikana kuwa na manufaa yoyote ya tiba.

Hatari zake ni dhahiri. Vifaa vichafu huambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na povu la hewa likiingia mshipani laweza kuua. Lakini hatari kubwa kupita zote ni mgonjwa kuacha dawa zake.

Tanzania inalo funzo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na baadhi yao wakaacha dawa za hospitali. Hawakuwa wajinga, walikuwamo wasomi na viongozi. Maradhi humdhoofisha mtu hata akakubali lolote, na mlaghai huyajua hayo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 haikuja kuua tiba za jadi, bali kuziweka chini ya usajili na usimamizi. Kipimo hicho hicho kiwahusu wenye mitambo inayong'aa. Ni wajibu wa walimu kuyafafanua haya darasani, na wa watumishi wa Serikali kudai ushahidi na usajili bila kumwonea haya mtu. Asiyeweza kuonyesha ushahidi asiruhusiwe kugusa damu ya mwananchi.