Vijana Wetu na Visa ya Kutembea na Kazi



Mijini kwetu siku hizi wapo watu wanaowaambia vijana: “Leta fedha, tutakupatia visa ya kwenda ng’ambo kutembea na kufanya kazi.” Baba anauza ng’ombe, mama anavunja kibubu, na kijana anakaa kungoja visa ambayo kwa pasipoti yake haipo. Jambo hili yafaa lielezwe wazi.

Visa yenyewe ni ya kweli. Kijana huruhusiwa kukaa nchi ya watu mwaka mmoja au zaidi, atembee, na afanye kazi ili apate nauli na chakula, bila ya tajiri kumwombea kibali. Australia iliianza mwaka 1975, na wengi wanaotaka mwaka wa pili hutakiwa kwanza kufanya kazi siku 88, kama vile kuchuma matunda mashambani. Lakini visa hii haipatikani kwa bidii ya mtu peke yake. Hutokana na mapatano ya serikali na serikali. Katika orodha ya Australia hakuna nchi hata moja ya Afrika.

Uingereza ndiyo ya kutazamwa zaidi, kwani huko tulikuwamo. Vijana wa Jumuiya ya Madola, pamoja na wa Tanzania, Kenya na Uganda, waliweza kuomba kukaa huko miaka miwili. Novemba 2008 mpango ule ulifutwa. Uliowekwa mahali pake ulianza na nchi nne: Australia, Canada, New Zealand na Japani. Japani haimo katika Jumuiya ya Madola, sisi tumo. Leo kijana wa Australia au Canada huweza kuomba mpaka umri wa miaka 35. Sisi hatumo kabisa.

Watu watasema kwamba vijana wetu wakienda hawarudi. Je, India walisemaje? Mwaka 2021 serikali yao ilikaa mezani na Uingereza. Tangu 2023 nafasi 3,000 kila mwaka zimewekwa kwa vijana wa India wenye shahada, wa umri wa miaka 18 mpaka 30, na vijana wa Uingereza nao hupokewa India. Kenya nayo, Septemba 2024, ilitia sahihi mapatano ya wafanyakazi na Ujerumani. Basi mlango hufunguliwa kwa anayebisha hodi. Anayenyamaza nje atadhaniwa hayupo.

Lakini na tutazame nyumbani kwetu pia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na kila nchi ikaandika orodha ya kazi inazozifungua kwa jirani. Mwenye ujuzi na mkataba ana njia. Lakini kijana wa Mwanza anayetaka kukaa Kampala mwaka mmoja, abebe sahani hotelini na ajifunze maisha ya wenzake, hana visa ya namna hiyo. Tutamdai Mwingereza kwa uso gani tulichokataa kupeana sisi kwa sisi?

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, serikali za Afrika Mashariki zianzishe kibali cha vijana, cha mwaka mmoja, kwa kazi yoyote halali, bila ya ada kubwa. Pili, zikishapatana, ziende kwa Uingereza na wengine kwa sauti moja, zikidai haki ya nipe nikupe, maana vijana wao nao hupenda kuja kwetu.

Nawe kijana, kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza: “Nchi yangu imo katika orodha?” Kaiulize serikali yenyewe ya nchi hiyo, usimwulize anayeuza. Kama haimo, fedha yako ibaki mfukoni, na madai yako yaletwe mkutanoni, tuyapeleke pamoja kwa wanaohusika.