Mbunge mwanamke apewe wapiga kura wake

Nimekuwa diwani wa viti maalumu katika halmashauri moja ya Mkoa wa Iringa, kwa hiyo ninayoyasema nayasema nikiwa mnufaika. Viti hivi vimetufikisha mahali ambapo mama zetu hawakufika. Lakini wakati umefika wa kuvikabidhi kwa wananchi. Mwanamke aingie Bungeni na kwenye baraza la madiwani akiwa ametumwa na watu wa eneo linalojulikana, watu waliompigia kura na wanaoweza kumnyima kura akiwaangusha.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna ushahidi wa kutosha kwamba jambo hili linawezekana. Anna Makinda wa Njombe, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, aliingia Bungeni mwaka 1975 akiwa na miaka 26. Akawa waziri, akawa mbunge wa jimbo la Njombe Kusini, akawa Naibu Spika mwaka 2005, na Novemba 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Wapinzani walizozana naye, mijadala ikawaka moto, hasa ile ya fedha za akaunti ya Escrow mwaka 2014. Alipostaafu ubunge mwaka 2015 hakupotea machoni pa watu: Sensa ya mwaka 2022 Kamisaa wake alikuwa yeye.

Mbeya nayo ina Dk. Tulia Ackson, mwanasheria kutoka Rungwe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2015 aliteuliwa na Rais kuwa mbunge, na muda huohuo akachaguliwa kuwa Naibu Spika. Mwaka uliofuata wabunge wa upinzani walisusia vikao alivyoviongoza, na neno la kuteuliwa likawa fimbo ya kumchapia kila uamuzi wake ulipowaudhi watu. Mwaka 2020 alishuka Mbeya Mjini kuomba kura, akashindana na Joseph Mbilinyi wa Chadema, Sugu, aliyelishika jimbo hilo tangu 2010, na akatangazwa mshindi. Chadema iliyakataa matokeo ya uchaguzi ule nchi nzima, na malalamiko yao hayafai kufichwa. Hata hivyo, tangu siku ile Dk. Tulia alikuwa na watu wa Mwanjelwa na Uyole wa kumdai barabara na soko. Februari 2022 akawa Spika, na Oktoba 2023, jijini Luanda, akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika nafasi hiyo.

Katika uchaguzi huohuo wa 2020, Jesca Msambatavangu alitangazwa mshindi Iringa Mjini. Septemba 2023 Bahati Ndingo, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu wa Mbeya, akachukua jimbo la Mbarali katika uchaguzi mdogo. Mbarali kumekuwa na mgogoro mzito wa mpaka kati ya vijiji na Hifadhi ya Ruaha, uliotokana na Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008. Mbunge wa jimbo kama hilo hawezi kuwakwepa wakulima wa mpunga. Watamfuata hadi nyumbani.

Mbunge wa viti maalumu yuko kwenye hali tofauti. Katiba, Ibara ya 66, inataka wawe si chini ya asilimia 30 ya wabunge, na baada ya uchaguzi wa 2020 walikuwa 113. Majina yao hutoka kwenye orodha za vyama. Kwa CCM, safari huanzia kwa wajumbe wa UWT, jumuiya yake ya wanawake, na anayetaka kurudi huwajua wajumbe wake kwa majina kuliko anavyowajua wanavijiji. Fedha za Mfuko wa Jimbo hazimhusu. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa majimbo, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwake hata awe hodari namna gani.

Kwenye udiwani nimeyaona hayo kwa karibu. Akina mama wa kijiji kimoja walinipeleka kwenye zahanati yao. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimoja, godoro limepasuka, limefunikwa turubai. Nilisimama barazani nikaeleza. Nikaambiwa hoja hiyo ni ya mwenye kata, diwani aliyechaguliwa, nimsubiri aseme. Mwenye kata siku hiyo alikuwa na barabara yake ya kuipigania, na kikao kikafungwa. Niliporudi kuwapa wale akina mama majibu, bibi mmoja akaniuliza, "Sasa mwanangu, sisi tukupigie kura wapi ili wakusikilize?" Hakukuwa na mahali. Karatasi ya kura yenye jina langu haikuwahi kufika kijijini kwake.

Wapo wanaosema viti vifutwe, wanawake wakapambane majimboni kama wanaume. Hapana. Kampeni inakula fedha ambazo wengi wetu hatuna, na mwanamke akipanda jukwaani hutukanwa kwa ndoa yake na mavazi yake kabla sera zake hazijasikilizwa. Viti vibaki, ila kura iwe ya wananchi.

Wenzetu wamefanya. Kenya kila kaunti kati ya 47 inamchagua mwakilishi wake mwanamke, na Uganda kila wilaya ina mbunge wake mwanamke. India ilitenga theluthi ya nafasi za mabaraza ya vijiji kwa wanawake kwa marekebisho ya Katiba yaliyoanza kutumika mwaka 1993, na maeneo yanayotengwa hubadilishwa kwa zamu. Wagombea huwa wanawake, wapiga kura huwa wote. Mwaka 2023 ikapitisha sheria ya kufanya hivyo pia kwa Bunge na mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kabla ya 2030. Ibara za 66 na 78 za Katiba zirekebishwe ili wabunge wa viti maalumu wachaguliwe na wapiga kura wote wa mkoa, na sheria zinazohusu madiwani zirekebishwe ili sisi tuchaguliwe na wapiga kura wa tarafa. Wapewe mfuko unaokaguliwa, kama wa majimbo. Na mtu akikaa vipindi viwili, wa tatu akagombee jimboni au kwenye kata. UWT, Bawacha ya Chadema na jumuiya za wanawake za vyama vingine ndizo zinazopaswa kulibeba dai hili, hata kama litazipunguzia mamlaka ya kupanga majina. Yule bibi anastahili kumchagua mwanamke anayemsemea, na kumwondoa asipomsemea.