Akina mama wanaidai sayansi

Figo inapopandikizwa ikashika, sifa zote huwaendea madaktari. Sizipingi. Ninalolalamikia ni kwamba akina mama waliozaa mara kadhaa, ambao damu yao ilisaidia kufungua njia hiyo, hawatajwi.

Mwaka 1958 Rose Payne wa Marekani na Jon van Rood wa Uholanzi walionyesha, kila mmoja kwa utafiti wake, kwamba damu ya akina mama hao huweza kuwa na kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za watu wengine. Mtoto hurithi baadhi ya alama za chembe zake kwa baba. Mwili wa mama huziona ngeni, ukajihami.

Basi seramu ya mama ikawa kipimo. Kwa mbinu iliyotangazwa na Paul Terasaki na mwenzake mwaka 1964, tone dogo la seramu lilichanganywa na limfosaiti za mtu, kisha seramu ya sungura ikaongezwa. Chembe zenye alama iliyotafutwa zilikufa, na rangi ikazibainisha. Hivyo ndivyo mgonjwa na mtoaji figo walivyolinganishwa.

Elimu ya alama hizo ilimletea Jean Dausset wa Ufaransa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Akina mama je?

Leo maabara nyingi husoma jeni zenyewe, lakini deni halifutiki kwa kubadilika kwa chombo. Vitabu vya tiba viwataje, na mtafiti achukuaye damu amweleze mwenyewe itakavyotumika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.