Jeraha la Nguzo Lisafishwe Kabla ya Kufunikwa

Katika majengo mengi ya umma ya wilaya za Handeni na Korogwe, paa la baraza huchukuliwa na nguzo za zege. Nguzo hizo zinapoanza kupasuka wima karibu na pembe, na vipande vya zege vikabanduka hata nondo zenye kutu zikaonekana, dawa inayotolewa aghalabu ni moja: fundi huletewa saruji na mchanga, akaziba, akapiga lipu, na rangi ikamalizia. Jengo hupendeza siku ya kupokea wageni. Baada ya masika mawili matatu ufa hurudi palepale, safari hii ukiwa mpana zaidi. Hapo lawama hupewa saruji au mchanga, ilhali mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika kabla mfuko wa saruji haujafunguliwa: uso wa zege la zamani haukutayarishwa.

Chanzo cha ugonjwa huu ni cha kikemia. Saruji ikishikamana na maji huzalisha chokaa, na zege jipya huwa na alkali kali, yenye kipimo cha pH cha 12.5 au zaidi. Katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana unaokizuia kuoza. Lakini kabonidayoksaidi ya hewani hupenya polepole katika vitundu vya zege, ikaigeuza chokaa kuwa kaboneti, na pH ikashuka chini ya 9. Utando huvunjika, maji na oksijeni vikifika, kutu huanza. Kutu hutwaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, nayo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka likapasuka.

Wilaya hizi mbili hazifanani katika jambo hili. Korogwe imo katika bonde la Mto Pangani, penye joto na unyevu, na huko kutu hujitokeza upesi. Handeni ni kavu zaidi. Watu hudhani ukavu huo ni kinga, kumbe kabonidayoksaidi hupenya vyema zaidi katika zege lenye unyevu wa wastani kuliko katika zege lililolowa. Nguzo ya Handeni yaweza kupoteza ulinzi wake wote kimyakimya, ikangoja mfereji mmoja wa paa unaovuja. (Viwanda vya mkonge vya Korogwe vina ugonjwa wa namna nyingine: utomvu wa mkonge una asidi, nao hulila zege kuanzia nje kwenda ndani.)

Dalili za kwanza hupatikana kwa nyundo ndogo. Zege zima hulia kwa sauti kali. Lililoachana na nondo hutoa sauti ya uwazi, kama mtungi mtupu. Kipimo cha pili hupatikana katika maabara za kemia za shule za sekondari: fenolfthalini, ambayo wanafunzi huitumia kupimia asidi na bezi. Gramu 1 katika mililita 100 za spiriti iliyochanganywa na maji hunyunyizwa juu ya zege lililovunjwa wakati uleule na kupulizwa vumbi. Penye alkali ya kutosha rangi ya waridi hutokea. Palipopoteza alkali hapageuki rangi. Mwalimu wa kemia atakayeomba kipande cha zege kutoka kwa fundi atakuwa na somo lenye uzito kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Hapa ndipo mafundi wengi hawakubaliani na mafundisho haya. Husema kwamba zege lililo gumu ni zege zuri, na kulibomoa ni hasara. Ugumu, hata hivyo, si ushahidi wa alkali. Zege linaloizunguka nondo iliyokwisha kuoza halina budi kuondolewa hata kama linaidunda tindo, tena mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha milimita 20, ili brashi ya waya ipite pande zote na chokaa ya saruji mpya iizunguke. Nondo ikisafishwa upande wa mbele tu, kutu huendelea nyuma.

Mafundi hao wana haki katika jambo moja, nalo ni zito. Nguzo si ukuta. Ichukuliwe nguzo ya milimita 230 kwa 230, yenye zege la milimita 25 juu ya nondo za milimita 12. Kufika milimita 20 nyuma ya nondo ni kuchimba milimita 57, hata bila kuhesabu nondo za pete. Upande mmoja ukichimbwa hivyo, karibu robo ya eneo la nguzo imekwenda. Pande zote nne zikichimbwa kwa pamoja, hubaki mraba wa milimita 116, yaani robo tu ya nguzo, na paa lingali juu yake. Kwa hiyo mirunda itangulie tindo, kwa hesabu ya mhandisi, na watu waondolewe chini ya paa. Mirunda hiyo ina faida nyingine: zege jipya lililotiwa katika nguzo ambayo haikupunguziwa mzigo halichukui sehemu ya mzigo uliokuwapo, huwa vazi tu.

Kingo za jeraha zikatwe wima, angalau milimita 10, bila kugusa nondo, kwa kuwa ukingo mwembamba kama wembe hubanduka kwanza. Ndani yake uso uachwe wenye mikwaruzo na kokoto zilizochomoza. Nyundo nzito za mtambo huharakisha kazi, lakini huacha nyufa ndogo zisizoonekana katika zege linalobaki. Tindo ya mkono imalizie. Kisha vumbi liondolewe lote.

Linabaki suala la maji, ambalo Handeni ni suala la fedha. Mji huo kwa miaka mingi umetegemea maji yavutwayo kwa bomba kuu kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na yanapokatika ndoo hununuliwa. Si ajabu fundi akaona uchungu kumwagia nguzo. Lakini zege kavu la zamani hunyonya maji ya chokaa mpya, na saruji iliyo mpakani hukosa maji ya kushikia. Zege la zamani lishibe maji tangu jana yake, kisha uso uachwe mpaka usimetemete. Uji wa saruji ukipakwa, ufunikwe ungali mbichi. Ukikauka huwa ngozi ya kutenganisha. Baada ya kazi, magunia ya katani yaliyoloweshwa yaizungushe nguzo kwa siku saba. Maji hayo yaandikwe katika makisio kama saruji inavyoandikwa.

Vivyo hivyo kwa malipo. Fundi anayelipwa kwa mita za mraba za lipu hana sababu ya kukesha na brashi ya waya. Matayarisho yawe na fungu lake, lilipwe baada ya mtu mwingine, mhandisi au msimamizi wa ujenzi, kuiona nguzo ikiwa wazi: nondo zinang'aa, vumbi halipo, mirunda imekaza. Lipu ikishapigwa, hakuna awezaye kuyaona hayo tena ila kwa kuivunja.