Nuru Haikaririwi

Mwulize mwanafunzi hapa Kyebando nuru husafiri vipi. Atajibu haraka: “Kwa mstari mnyoofu.” Mwulize amejuaje. Wengi watanyamaza, kwani wamekariri maneno tu, nuru yenyewe hawajaichunguza.

Wapo wasemao kwamba shule zetu hazina maabara. Hicho ni kisingizio. Chukua boksi la viatu, litoboe upande mmoja kwa sindano, na upande wa pili ukate dirisha ulizibe kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Jifunike kitambaa kizito, uelekeze tundu kwenye mti uliopigwa na jua. Karatasini utauona mti umepinduka, kwa kuwa miale itokayo juu hupita tunduni ikashuka chini, nayo ya chini hupanda juu. Ibn al-Haytham aliichunguza nuru kwa tundu na chumba chenye giza yapata miaka 1,000 iliyopita. Sisi twangoja nini?

Mtaala wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi atende. Lakini mzazi anayedai alama pekee na mwalimu anayejaza ubao tu wanauua mtaala huo.

Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtoto aliyezoea kuuliza “umejuaje?” kuhusu nuru atawauliza vivyo hivyo waneneza uvumi na wagombea wenye ahadi tamu. Aliyezoezwa kuitikia ataitikia daima. Je, wewe unamlea raia yupi?