Tuwafungulie vijana wa Rubavu klabu za ngumi

Sisi wakazi wa Rubavu hatujasahau kundi la vijana waporaji walioitwa Abuzukuru ba Shitani, yaani wajukuu wa Shetani, waliotutia hofu ya kutembea jioni katika mji wetu wenyewe. Kumkamata mporaji ni kazi ya polisi. Kuhakikisha hapatikani mporaji mwingine ni kazi yetu. Kijana wa miaka 14 aliyeacha shule ili abebe mizigo kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, akishaishusha anakwenda wapi? Wacoracora, yaani wafanya magendo, wanamngoja. Sisi je?

Naomba tuwafungulie vijana klabu za ngumi, kuanzia Gisenyi na Rugerero hadi Kanama.

Najua mzazi atauliza: huyu mkorofi tayari, nimfundishe na kupiga? Basi aende akaone mazoezi yalivyo. Wiki za kwanza mwanafunzi hampigi mtu. Anaruka kamba, anajifunza kusimama, kusogeza miguu, kurusha mkono hewani mpaka bega liume. Siku anayomaliza raundi ambazo mwanzoni zilimshinda, hahitaji kusifiwa na mtu. Anajua mwenyewe alichokipata. Kisha anaingia ulingoni na mwenzake. Anapigwa, inamuuma, na anagundua kwamba akikasirika analegeza ulinzi na kupigwa tena. Kengele ikilia, wanakumbatiana. Kijana aliyezoea hayo, ukimtukana sokoni hawaki. Hana tena haja ya kisu wala genge ili ajione mtu.

Ushahidi hauko mbali. Jirani zetu wa Goma wanamjua Balezi Bagunda, maarufu kama Kibomango. Aliwahi kuwa askari mtoto, akapoteza jicho moja, na baadaye akawa kocha wa ngumi wa vijana, wakiwemo waliobebeshwa bunduki utotoni na maibobo waliokulia barabarani. Huko Louisville, Marekani, mwaka 1954, mtoto wa miaka 12 aliibiwa baiskeli, akaapa kumpiga mwizi. Joe Martin, polisi aliyekuwa akifundisha ngumi, alimwambia ajifunze kwanza kupigana, akampokea mazoezini. Mtoto huyo ndiye Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Hatutafuti Ali mwingine. Tunatafuta akina Martin: watu wazima watakaoipa hasira ya mtoto mahali pa kwenda.

Na mabinti wasiachwe nje. Ngumi za wanawake ziliingia Olimpiki London mwaka 2012, na Elizabeth Andiego wa Kenya alikuwemo. Binti anayejua kusimama imara na kusema hapana kwa sauti kamili ana faida hata kama hatapanda ulingoni maisha yake yote.

Lakini tuweke masharti. Watoto wadogo wasipigane kichwani. Hakuna pambano la mazoezi bila kofia ya kinga, kikinga meno na kocha anayetazama. Aliyepigwa akahisi kizunguzungu apumzike, aonwe na daktari. Anayepigana mtaani asimamishwe. Klabu isiyotaka masharti haya tusiipe watoto wetu.

Gharama si kubwa kama tunavyodhani. Wakuu wa shule, madarasa yenu ni matupu jioni, toeni moja. Wafanyabiashara wa Mbugangari na soko la Mahoko, tunaomba kamba na magunia. Mafundi cherehani watashona mifuko ya kupigia, tuijaze matambara. Nyinyi mliowahi kucheza ngumi, tupeni jioni mbili kwa wiki. Viongozi wa sekta, kaeni na wanaowajua vijana wetu, kama kituo cha Vision Jeunesse Nouvelle, mpange pamoja. Wazazi, njooni mtazame, maana mtoto anayetazamwa na babake hajitupi ovyo.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi yetu ya pamoja, ukiisha na mkutano ukianza, usiondoke. Nyanyua mkono katika mudugudu wako, yaani kijiji chako, uulize mambo matatu: chumba kipi, saa ngapi, na nani atawasimamia. Majibu yaandikwe, na mazoezi yaanze mwezi huohuo.